Sekunde Tisini na Mbili: Jinsi Mkanda wa Kwaya Ulivyookolewa

(Maelezo yaliyotolewa na walimu wa kikundi cha picha mbele ya Kamati, wageni na wakazi wa kambi, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni)

Tunazungumza kwa niaba ya kikundi cha picha, ambacho sisi walimu watatu tunakisimamia baada ya saa za masomo.

Kamati imetuomba tueleze jinsi ulivyotengenezwa mkanda wa video wa kwaya, ule mliouona jana usiku ukumbini. Tumekubali kwa furaha, kwani swali tunaloulizwa njiani, bombani na hata kwenye foleni ya posho ni lile lile: mlizipata wapi picha zote zile, na siku ile mvua ilitukimbiza sote? Jibu ni kwamba hatukuzipata. Wimbo una urefu wa dakika 4 na sekunde 10, yaani sekunde 250. Picha nzuri tulizokuwa nazo mkononi zilikuwa za sekunde 92. Zilizopungua ni sekunde 158, na habari yetu ya leo ni habari ya hizo sekunde 158.

Mambo yalikuwa hivi. Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi Oktoba mwaka 2023. Wanakwaya walikuwa wamechanga shilingi 60,000, nazo ziliishia kwenye kadi ya kumbukumbu, mafuta ya jenereta na chakula cha mchana. Kamera iliazimwa kwa siku moja tu, ikiwa na betri mbili, na betri ya pili ilizimika kabla haijafanya kazi hata nusu saa. Saa saba mchana mawingu yalikuwa yamekwisha kujikusanya upande wa milimani, na saa nane hapakuwa na mtu tena uwanjani. Jioni kamera ilirudi kwa wenyewe. Kwa siku za kawaida hilo lisingekuwa jambo kubwa. Mtu husubiri Jumamosi nyingine, huomba tena, huanza upya.

Lakini ninyi mnajua kwamba kambini Jumamosi nyingine si ya kila mtu. Wiki tatu baadaye jina la dada yetu wa sauti ya kwanza lilibandikwa kwenye ubao wa matangazo pamoja na la mume wake na watoto, na basi likawachukua kwenda safari ya nchi ya tatu. Kabla ya Krismasi, wawili wa sauti ya tatu walikuwa wamejiandikisha na kurejea Burundi. Wimbo wenyewe, kama mlivyousikia, ni wa kuwakumbuka tuliotengana nao njiani tangu watu wetu walipovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996. Sasa hata walioimba nao wakawa wametengana. Zile sekunde 92 ndizo picha pekee ambamo kwaya ile imesimama pamoja, na haitasimama hivyo tena.

Palitolewa shauri kwamba binti mwingine avalishwe sare, asimame mbele na kufungua kinywa kufuata sauti ya dada aliyeondoka. Shauri hilo lilijadiliwa jioni mbili. Wenye kulitoa hawakuwa na nia mbaya, na mikanda mingi hutengenezwa hivyo. Aliyelimaliza ni mama mmoja wa sauti ya pili, ambaye hakusema mengi: alisema sauti ile ina mwenyewe, na mwenyewe yu hai. Basi tukarudi kwenye kadi yetu ya kumbukumbu.

Sisi tuliopitia chuo cha ualimu tulifundishwa somo la zana za kufundishia. Mkufunzi hakuuliza shule ina fedha kiasi gani. Aliuliza mazingira yana nini. Vizibo vya soda vikawa vya kuhesabia, bua la mtama likawa rula, boksi la sabuni likawa saa ya ukutani. Na kabla ya zana yoyote palikuwa na andalio la somo. Kwa hiyo jambo la kwanza tulilofanya halikuwa kukaa kwenye kompyuta. Tulichukua daftari la kurasa 96, tukachora safu kama za andalio, tukautazama mkanda wote mara tatu, tukiandika kila kipande kina sekunde ngapi, nani yumo, na kama midomo inaonekana au haionekani.

Hilo la midomo ndilo kubwa kuliko yote, na vijana wanaotaka kazi hii walizingatie. Picha ambayo mdomo unaonekana ukiimba ina sehemu moja tu katika wimbo: pale pale yalipo maneno hayo. Huwezi kuisogeza. Lakini picha ya miguu, ya mikono kwenye ngoma, ya mgongo, ya mtu anayesikiliza, hiyo ni huru, unaiweka popote. Katika zile 92, sekunde 38 zilikuwa za midomo na 54 zilikuwa huru. Hapo ndipo tulipoanza kupata moyo.

Aidha, tuligundua kwamba picha nyingi zilizo huru hazikuwa ndani ya wimbo kabisa. Zilikuwa kabla mpigaji hajasema "anza" na baada ya kusema "simama". Watu wengi hufuta vipande hivyo ili kupata nafasi kwenye kadi. Tunawasihi msivifute. Humo ndimo tulimokuta wanakwaya wakirekebishana kola, mpiga ngoma akijipangusa jasho, na ile mvua yenyewe: sekunde 4 za sare za bluu zikikimbia kuelekea darasani huku watu wakicheka. Katika daftari tulikuwa tumekiandika kipande hicho chini ya "haribifu". Jana usiku mliona mahali kilipowekwa, na ukumbi mzima ulipiga makofi.

Katika kutafuta njia tulisoma habari za mwalimu mmoja wa zamani, Lev Kuleshov wa Moscow. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 filamu mbichi ilikuwa adimu mno katika nchi ile, hata wanafunzi wake wakawa wanafanya mazoezi ya sinema pasipo filamu kamerani. Tulimpenda mara moja, kwani sisi nasi tumewahi kufundisha darubini bila darubini. Kuleshov anakumbukwa kwa jaribio moja. Alichukua uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uso usioonyesha furaha wala huzuni, akauunganisha na picha ya sahani ya supu, kisha na picha ya jeneza. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji: hapa ana njaa, hapa ana majonzi. Uso ulikuwa ule ule mmoja. Maana ya picha haimo ndani ya picha peke yake. Nusu yake imo katika picha iliyotangulia.

Nasi tulikuwa na uso. Katika vile vipande vya kabla ya "anza" palikuwa na sekunde 6 za dada yetu wa sauti ya kwanza akitazama pembeni, juu kidogo, kimya. Tuliuweka uso huo mara tu baada ya picha za watu wa familia waliobaki ng'ambo. Mliona wenyewe. Wazee walifuta macho, na mmoja wa wageni wetu alituuliza dada huyo alijifunzia wapi kuigiza. Ukweli ni kwamba alikuwa anatazama mawingu, akiwaza kama mvua itanyesha.

Je, huo ni uongo? Tulibishana juu ya hilo kuliko juu ya jambo lolote, na hatutaki kulipitia haraka. Mmoja wetu alishikilia kwamba mtazamaji anadanganywa. Wawili tuliona kwamba mtu anayeimba habari za ndugu zake kwa miaka mingi ana haki ya kuonekana akiwakumbuka, hata kama dakika ile alikuwa anakumbuka nguo alizoanika. Hatimaye tulifanya jambo lililo rahisi: tulimpigia simu huko aliko, tukampelekea kipande hicho, tukamwomba aamue yeye. Alicheka sana. Akasema tuache kilivyo, kwani tangu afike huko huwa anatazama hivyo hivyo dirishani, na sasa si kwa ajili ya mvua. Yule mwenzetu alikubali baada ya hapo, ingawa hadi leo anasema angetaka paandikwe maelezo chini.

Sasa turudi kwenye hesabu. Kiitikio cha wimbo kinarudiwa mara nne, na tulikuwa na kiitikio kimoja tu kilichopigwa vizuri, cha sekunde 20, kwaya yote ikiwa mbele. Wimbo unaporudia maneno, jicho halichukii kurudiwa pia, mradi lisirudishiwe mapema wala kwa mpangilio ule ule. Tulikitumia katika kiitikio cha kwanza, tukakirudia katika cha mwisho kwa kuanzia na watu wa nyuma. Sekunde 20 zikapatikana. Viitikio vya katikati tulivipa picha nyingine.

Njia ya pili ni kupunguza mwendo. Hapa bahati ilikuwa upande wetu. Kamera ilikuwa imewekwa kupiga fremu 50 kwa kila sekunde, na mkanda tuliutoa kwa fremu 25. Maana yake kipande kinaweza kwenda nusu mwendo na kila fremu ikaonekana mara moja tu, laini kabisa. Kama kingepigwa kwa fremu 25, kila fremu ingebidi ionyeshwe mara mbili, na miguu ya wachezaji ingerukaruka kama ya panzi. Tulichagua sekunde 24 za miguu, mikono na vumbi, zikawa 48. Midomo hatukuigusa, kwani mdomo ukipunguzwa mwendo unaachana na sauti. Kwa wale wanaojipanga kupiga mkanda siku zijazo ipo njia ya kulishinda hilo: wimbo uchezwe uwanjani kwa mwendo maradufu, waimbaji waufuate hivyo hivyo mbio mbio, kamera ipige fremu 50, kisha picha irudishwe nusu mwendo. Midomo italingana na sauti, na mwili utaonekana kana kwamba unaelea. Tulijaribu na wanafunzi wa darasa la sita. Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko wimbo.

Njia ya tatu ni kukata ndani ya picha. Kamera ile ilipiga picha ya nukta 3840 kwa 2160, nasi mkanda tulihitaji wa nukta 1920 kwa 1080. Robo moja ya picha kubwa inatosha kuwa picha kamili. Kwaya ikiwa imesimama safu tatu ikisubiri, katika picha hiyo moja mna mzee wa besi peke yake, mna mama aliyembeba mtoto mgongoni, mna mikono miwili iliyoshikana ambayo siku ile hakuna aliyeiona. Tulipata sekunde 24 bila kupiga picha mpya.

Zilibaki sekunde 90 na kadi ilikuwa imekwisha. Ilibidi tupige kitu ambacho hakihitaji waimbaji wala kamera ya kuazima. Kuna filamu ya Mfaransa Chris Marker, ya mwaka 1962, iitwayo La Jetée. Inachukua kama dakika 28 na karibu yote ni picha za mnato. Ni mahali pamoja tu ambapo picha inatikisika, mwanamke anapofumbua macho. Watu bado wanaitazama. Tukasema, kama picha za mnato zinaweza kubeba dakika 28, za kwetu zitabeba sekunde 42. Tulipita nyumba kwa nyumba tukiomba picha za zamani zilizovuka ziwa: za harusi huko Uvira, za ubatizo, ya kijana na baiskeli mpya huko Baraka. Tuliziweka moja moja juu ya meza karibu na dirisha, tukazipiga kwa simu tukiisogeza polepole juu ya vitabu viwili. Kila mwenye picha aliulizwa kwanza kama anakubali ionekane na watu wote. Mama mmoja hakukubali uso wa mwanawe uzunguke kwenye simu za watu, na alikuwa na haki. Lakini aliturudisha tulipofika mlangoni, akaigeuza picha, akasema sehemu ya nyuma tunaweza kuichukua. Nyuma yake pana mhuri wa studio na tarehe iliyoandikwa kwa kalamu. Tuliiweka kwa sekunde 5, na kati ya picha zote ndiyo tuliyoulizwa habari zake zaidi.

Sekunde 32 zilitoka ubaoni. Mwaka 1965 mwimbaji Bob Dylan alisimama katika uchochoro mmoja mjini London, mpiga picha D. A. Pennebaker akiwa na kamera, akaangusha makaratasi yenye maneno ya wimbo wake, moja baada ya jingine. Ni kipande kimoja bila kukatwa, na gharama yake ni makaratasi na wino. Makaratasi hatuna mengi, chaki tunazo. Wanafunzi waliandika maneno ya ubeti wa pili ubaoni, kila mmoja mstari wake, hati nzuri na hati mbaya, na kamera ya simu ikafuata mikono. Kosa moja la tahajia tuliliacha kwa makusudi, ingawa walimu wenzetu wametuandama mno kwa ajili yake.

Sekunde 16 za mwisho ni barabara inayotoka kambini, asubuhi, haina mtu. Kibali cha kupiga hapo tulikiomba na tukakipata siku ile ile, na tunashukuru.

Tuseme pia tulivyovikataa, kwani vilikuwa vingi na vilikuwa bure. Vijana walituletea maporomoko ya maji, majengo ya Dubai na ndege ikipaa, vyote vimenakiliwa kutoka kwenye intaneti. Kwanza vina wenyewe, na mkanda wenye mali ya watu unaweza kuondolewa siku yoyote. Pili, dada yetu hakuimba habari za Dubai. Vilevile tulipewa picha zilizopigwa na wageni waliowahi kupita hapa: watoto wenye nguo zilizochanika kwenye matope, foleni ya maji, mzee amekaa chini. Ni picha safi kuliko zetu na zingejaza nafasi yote kwa nusu saa ya kazi. Watu wale wapo, na matope yapo. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa kama anataka kuwa katika wimbo huu, na kwaya haikuvaa sare ili iwekwe kando ya picha ya kuombea msaada. Wageni wetu wa mashirika watatuvumilia kwa neno hilo. Tunajua wengi wao wanalifikiri pia. Tuliyakataa hata mapambo ya kompyuta, nyota zinazodondoka, kurasa zinazojikunja na miali ya moto, ambayo mikanda ya kwaya ya zamani iliyapenda sana. Picha ikiwa chache, pambo huitangazia watu uchache wake.

Limebaki neno moja juu ya mpangilio. Sekunde 38 za midomo hatukuzitawanya. Sekunde 8 tuliziweka mwanzoni kabisa, mstari wa kwanza, kwa sababu mtazamaji akiona mapema mara moja kwamba mdomo na sauti ni vya mtu mmoja, huamini yanayofuata hata kama haoni mdomo kwa dakika nzima. Zile 20 za kiitikio mmekwisha kuzisikia. Sekunde 10 zilizobaki tuliziweka mwisho, uso wa dada yetu akiimba, bila kukata hata mara moja. Wapo waliotaka tuikate kwa picha za kwaya ili ichangamke. Tuliwaonyesha mkanda wa Sinéad O'Connor wa mwaka 1990, ulioongozwa na John Maybury, ambao sehemu kubwa yake ni uso mmoja tu ukiimba mbele ya kamera. Uso wa mtu anayeimba kwa kweli hauchoshi, mkiuacha ufanye kazi yake.

Kazi yote ilichukua jioni 19, kwa kompyuta moja ya mapajani na umeme wa sola wa ofisi ya shule, ambao huzimika saa mbili usiku. Mkanda ulipokwisha tuliubana uwe mwepesi ili uweze kupita kwenye simu, tukaupeleka kwa dada yetu na kwa wale wawili walioko Burundi. Mmoja wao amejibu kwamba anakubali kila kitu isipokuwa kikohozi chake kinachosikika baada ya ubeti wa tatu, na ameomba kitolewe. Tumejaribu. Kimeingia ndani ya sauti za wengine na hakitoki.

Kuanzia Jumamosi ijayo, saa nane mchana, chumba cha darasa la saba kitakuwa wazi kwa kikundi chochote chenye mkanda uliokwama: wa kwaya, wa harusi, wa msiba, wa mpira. Njooni na kadi yenu bila kufuta kitu, na daftari. Wenye picha za karatasi za miaka ya mwanzo ya kambi, tangu 1996, wanaombwa kuzileta pia. Tutazipiga hapo hapo mbele yenu na mtaondoka nazo mkononi siku ile ile. Wanaotaka nakala ya mkanda wa kwaya wamwone katibu wa Kamati. Waje na kadi zao wenyewe, kwani za kwetu zimekwisha.